Mshale Haukugeuzwa

Wanafunzi wa chuo cha ufundi walimpachika mwalimu wao wa useremala jina la Kipimo, na jina likamganda mpaka uzeeni. Mtu huyu alipima kila kitu. Mbao, sawa, ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini yeye alipima hata yasiyomhusu. Mkewe alipolazwa hospitali, alikipima kitanda cha wodi kwa shubiri, kisha akamwita muuguzi kumweleza kwamba mguu mmoja umepungua. Muuguzi akamjibu, "Baba, sisi hapa tunapima homa tu."

Jioni, akishavua koti la karakana, Kipimo alikuwa kocha wa timu ya chuo ya mpira wa kikapu. Kazi hiyo hakuiomba. Ubao wa kikapu ulipasuka, akaitwa kuutengeneza, na akiwa juu ya ngazi akawaona vijana wanavyotupa mpira ovyo chini yake. Akashuka kuwaonyesha. Hakupanda tena siku ile, ubao ukangoja mpaka kesho yake, na ndivyo alivyoanza ukocha, mpaka mvi zikamwota.

"Msumari hauingii kwa bahati," aliwaambia vijana wapya kila mwaka. "Unaingia kwa nyundo." Mchezaji hakuruhusiwa kwenda kuoga kabla hajamaliza mitupo yake ya mazoezi, na akikosa wa mwisho anaanza upya. Kulikuwa na methali moja aliyoipenda mno, ile ya mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akikuona umeinama hata kufunga kamba ya kiatu, anakutolea hiyo.

Sasa ungedhani mtu wa namna hii kabati lake limejaa vikombe. Wapi! Kikombe cha mashindano ya vyuo alikuwa akikiona mikononi mwa wenzake tu. Mwaka mmoja soli ya kiatu cha mfungaji wake bora ilibanduka katikati ya nusu fainali, na viatu vya akiba vilikuwa vya mtu mwenye mguu mdogo. Mwaka mwingine walilingana na chuo cha ualimu kwa ushindi na kwa pointi, ikabidi vikaratasi vitiwe kwenye kofia ya refa. Kipimo akapeleka mkono yeye mwenyewe, akatoa kikaratasi cha kurudi nyumbani. Na mwaka ule alioingia fainali, maskini ya Mungu, mpira wa mwisho uliingia kikapuni kabisa, watu wakauona, wengine wakaanza kukumbatiana, ukazunguka ndani ya chuma ukatoka tena nje. Siku ile hata wapinzani walimpa pole.

Majirani walishasema ng'ombe wa maskini hazai. Kipimo hakutaka hata kusikia. Kila alipofungwa alirudi nyumbani, akapiga magoti jikoni na kipande cha chaki, akachora uwanja mzima kwenye sakafu, kikapu kwa kikapu, akamweleza mkewe ni wapi hasa vijana walipokosea. Mkewe alisimama na mwiko mkononi akitafuta pa kukanyaga.

"Ni bahati tu, mwalimu," alisema. "Kula."

"Bahati! Huyu hapa angesogea hatua moja, huyu wa pili asingepita—"

"Bahati tu. Kula, chakula kinapoa."

"Mtaka cha mvunguni, mama—"

"Na kama mvunguni hamna kitu? Si utaumia mgongo bure?"

Asubuhi mama huyu alipiga deki, uwanja ukafutika, maisha yakaendelea. Alikuwa fundi wa cherehani, na ndiye aliyeshona namba kwenye jezi za timu. Yeye bahati aliiamini kwa ushahidi wa kazi yake. "Uzi nimenunua duka lilelile," alisema, "cherehani ni ileile, mkono ni huuhuu. Leo unakatika mara saba, kesho haukatiki hata mara moja. Nani kaufundisha?" Mumewe akamwambia kuna skrubu imelegea, na kweli akaenda kuikaza, na kesho yake uzi ukakatika vilevile. Wakabishana hivyo ujana wao wote na nusu ya uzee. Ubishi ule ndio uliokuwa chumvi ya nyumba ile.

Kuhusu mpira wa kikapu mama huyu alijua jambo moja tu, nalo lilikuwa mshale. Niueleze, maana bila mshale hadithi hii haiendi. Wachezaji wawili wa timu mbili wakiung'ang'ania mpira, huyu anavuta na yule anavuta, refa hupuliza filimbi, na swali linakuwa mpira apewe nani. Hapo, na hata robo mpya ya mchezo inapoanza, unatazamwa mshale. Ni kibao chekundu kwenye meza ya watunza saa, kinaelekea upande ambao timu yenye zamu inashambulia. Zamu ikitumika, kibao kinageuzwa. Ila baada ya mapumziko timu hubadilishana pande, kwa hiyo hapo napo lazima kigeuzwe, la sivyo mpira utampata asiye na zamu. Ni kazi ya kidole kimoja, ndiyo maana husahaulika.

Miaka ya mwanzo mwanzo kilisahauliwa siku moja, Kipimo akafungwa, na mkewe akalishwa habari za mshale asubuhi, mchana na jioni mpaka zikamtoka puani. Akasema, "Basi, yaishe. Hilo niachie mimi." Tangu hapo hakukosa mechi. Alikaa kiti cha nyuma ya meza, mfuko wa kushonea mapajani, na mapumziko yakiisha, timu zinarudi uwanjani, alipaza sauti: "Mshale!" Uwanja mzima ulicheka. Mtunza saa, mzee mstaafu wa maktaba waliyemwita Bwana Saa, aliugeuza na kumwinamia mama kwa heshima kama waziri. Yeye hakujali mshale unamfaa nani. Zipo mechi kelele yake iliwapa mpira wapinzani wa mumewe, na mumewe akamkazia macho, na yeye akaendelea kushona. Watu wakamwita Mama Mshale. Ikawa mazoea, na Bwana Saa naye akazoea, kwamba kukumbuka mshale si kazi yake, ni kazi ya mama.

Mwaka huu mama akaugua figo. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Jioni moja Kipimo alikuwa ameketi pembeni ya kitanda kile cha mguu mfupi, ameshakitia kipande cha ubao chini, na mkewe akamtazama.

"Mwaka huu ukikosa tena, utakubali kwamba ni bahati?"

"Na nikipata, utakubali kwamba ni kazi?"

"Nitakubali." Akatoa mkono nje ya shuka, wakapeana kama wafanyabiashara. "Lakini upate kihalali, mwalimu. Usije ukanidanganya."

Alifariki kabla mashindano hayajaanza. Siku ya mazishi Kipimo hakutoa chozi. Alipanga viti, akavinyoosha mstari, akawapokea wageni mmoja mmoja na kuwaambia asante kwa kuja. Jeneza lilipofika aliona kwamba kona moja ya kifuniko haikukaa sawasawa, imepishana kwa unene wa ukucha, na hilo ndilo alilolitazama mpaka mwisho. Watu wakasema mzee ni jasiri. Jasiri wa wapi! Alikuwa hasikii kitu. Alijibonyeza kifuani kama anayejaribu ubao kwa kidole, na ndani kulikuwa kimya.

Akarudi kazini. Wanafunzi wakamwona anapiga randa mguu wa meza, anapiga, anapiga, mpaka mmoja akathubutu, "Mwalimu, huo sasa ni mwiko." Akautazama. "Sawa," akasema, akachukua mwingine. Neno lake lilikuwa hilo moja. Ukimuuliza chakula, sawa. Ukimpa pole, sawa. Binti yake, msusi mwenye saluni yake na watoto wake wawili, alihamia kwa baba kwa muda, akawa anampikia na kumvizia usoni.

"Baba, hujalia."

"Nina mashindano."

"Kwa hiyo yakiisha utalia?"

"Yakiisha tutaona."

Na huo ndio ukweli wa moyo wake, kama moyo ulikuwepo. Alikuwa na ahadi ya mkono na mkewe. Akishinda kihalali, kwa nyundo na msumari, ubishi wa miaka yote umekwisha na yeye ndiye mshindi, na labda hapo kitu kitafunguka kifuani. Zaidi ya hilo hakutaka lolote.

Timu ikashinda mechi ya kwanza, ikashinda ya pili. Kipimo alitoa maelekezo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Vijana walimwogopa katika ukimya ule kuliko walivyokuwa wakimwogopa akipayuka, wakakimbia hasa. Nusu fainali wakaipita. Fainali ikawa na chuo cha kilimo, vijana warefu, wameshiba mazoezi, mabingwa wa mwaka uliopita.

Ukumbi ulijaa. Nyuma ya meza, kwenye kile kiti, mtu aliweka mkoba wake, halafu akaambiwa kiti ni cha nani, akauondoa haraka. Kikabaki kitupu. Kipimo alikiona alipoingia, na tangu hapo alikuwa akitazama mchezo kwa jicho moja na kiti kwa jicho jingine. Wakati wa mapumziko wachezaji walimzunguka wakingoja maneno. Aliwapa chupa za maji. "Endeleeni hivyohivyo," akasema. Timu zikarudi uwanjani zimebadilishana pande. Robo ya tatu ikaanza kwa mpira wa chuo cha ufundi, na hakuna aliyeshtuka, maana nani anakumbuka robo inaanzwa na nani.

Mchezo ulikuwa wa kubanana mpaka mwisho. Zikabaki sekunde chache, chuo cha kilimo wanaongoza kwa pointi moja, na mpira wanao wao. Walichotakiwa ni kuushika tu mpaka saa iishe. Kijana mmoja wa Kipimo, mwembamba, waliyemwita Kijiti, akajitupa kwa mchezaji wao mkubwa akaushika mpira kwa mikono miwili. Yule akamtikisa, akamwinua juu, Kijiti yumo, ananing'inia nao, hauachii. Filimbi. Refa akageuka mezani kutazama mshale.

Mshale ulielekea upande wa chuo cha ufundi.

Lo! Mashabiki wakasimama juu ya viti. Mpira ukaingizwa kutoka pembeni, ukampata huyohuyo Kijiti, ambaye tangu robo ya pili hakuwa amefunga chochote isipokuwa kamba za viatu. Akautupa kwa macho yaliyofumbwa. Baadaye mwenyewe alikiri. Mpira ukagonga pembeni mwa ubao, mahali ambapo Kipimo alikuwa akiwaambia kwa miaka mingi wasipagonge, ukarukia chuma, ukasimama hapo ukifikiri, ukaanguka ndani. King'ora cha mwisho kikalia.

Watu wakaingia uwanjani. Kipimo akarushwa juu, akashushwa, akapewa kikombe, akapigwa picha. Mkuu wa chuo akamshika mabega yote mawili: "Mwalimu, Mungu amekufuta machozi." Kipimo akasema sawa. Alijibonyeza kifuani kisirisiri, chini ya kikombe. Kimya. Akawaza, labda bado, labda mpaka nifike nyumbani nimwambie... na wazo likaishia hapo.

Watu wakipungua, Bwana Saa akamjia. Alikuwa amekishika kile kibao chekundu mkononi, na uso wake haukuwa wa sherehe.

"Mwalimu, nina neno."

"Sema, mzee wangu."

"Mshale. Baada ya mapumziko sikuugeuza." Mzee akakitazama kibao. "Robo ya tatu mlianza ninyi, zamu ilikuwa yao. Toka hapo zote zikaenda kinyume. Na ule mpira wa mwisho—"

"Ulikuwa wao."

"Ulikuwa wao, mwalimu. Kanuni inasema mpira ukishaingizwa kosa limepita, haligeuziki, kikombe ni chenu. Kocha wao nimemweleza. Kasema leo ilikuwa bahati yenu, akaenda kupanda gari." Mzee akakigeuza kibao, akakigeuza tena. "Miaka yote hii sijawahi kukumbuka mwenyewe hata siku moja. Nilikaa pale nikawa nasubiri. Sikujua ninasubiri nini. Nilikuwa nangoja sauti."

Kipimo akamtazama. "Sawa," akasema. Akamshika mkono mzee, akamshukuru, akachukua mfuko wa jezi, akatia kikombe ndani, akaenda nyumbani kwa miguu. Njiani vijana walimwimbia. Akawapungia.

Binti yake hakwenda kwenye fainali. Alisema hawezi kukitazama kile kiti kitupu. Lakini mtaa ulikuwa umeshamletea habari, na baba alipoingia alikuwa mlangoni, anacheka na kufuta mikono kwa kanga. Kipimo akapita. Akakiweka kikombe juu ya cherehani, akahakikisha kimekaa katikati. Halafu akafungua droo, akatoa chaki, akapiga magoti jikoni.

"Baba? Si mmeshinda?"

Hakuwahi kuuchora uwanja baada ya kushinda, maana kushinda hakukuwa na maelezo. Sasa akachora. Mistari, duara la kati, vikapu viwili, meza pembeni. Binti akasimama na mwiko, hana pa kukanyaga.

"Meza hii hapa," akasema Kipimo kwa sauti ileile ya tangazo. "Mshale ulikuwa hivi. Baada ya mapumziko ulitakiwa uwe hivi. Haukugeuzwa. Dakika ya mwisho mpira ukagombaniwa hapa, refa akatazama mshale, tukapewa sisi. Ulikuwa wao."

"Na hakuna aliyeona?"

"Huwa anaona nani?"

 Chungu kikachemka peke yake.

"Mama yako angekuwepo," Kipimo akaendelea, akipeleka chaki polepole, "angepaza sauti. Bwana Saa angeugeuza. Mpira wa mwisho ungekuwa wao, wangeushika, saa ingeisha. Tungefungwa kwa pointi moja." Akachora alama ndogo nyuma ya meza, mahali pa kiti. "Tumeshinda kwa sababu hayupo. Nimetafuta sababu nyingine njia nzima. Hamna."

  Binti akasema neno lililokuwa karibu na mdomo, neno alilolisikia jikoni humo tangu hajaota meno.

"Ni bahati tu, baba. Kula. Chakula kinapoa."

Kipimo akainua kichwa, akafungua mdomo. Kwa mazoea yake yote alikuwa na jibu: kuna nyundo, kuna msumari, kuna mvunguni. Alingoja jibu limtoke. Halikuja. Akaitazama ile alama ya kiti aliyoichora, na chaki ikamponyoka.

"Ningefungwa," akasema, na sauti ikapasuka. "Ningefungwa huu, na ujao, na kila mwaka mpaka nife. Nisipate hata kimoja. Mradi tu apige kelele." Akalia. Alilia kwa magoti na viganja sakafuni, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni, na binti akaacha mwiko akashuka naye chini, wakaketi wote katikati ya uwanja, chaki ikiwashika nguo. Ilimuuma sasa. Ilimuuma kila mahali, na hakutaka iache.

Walikaa hivyo mpaka akatulia. Akajifuta kwa mkono wa shati, akageukia kule kwenye cherehani na kikombe.

"Haya, mama," akasema. "Umeshinda wewe. Ni bahati."

Binti akampakulia. Chakula kilikuwa kimeshapoa. Akala chote.